"Lini, mwalimu?" Nilivyobadilisha siku ya zawadi ya watoto wetu kanisani

Kwa miaka minne, siku ya kufunga mwaka katika kikundi chetu cha watoto na vijana kanisani ilikwenda vilevile. Tunamtaja wa kwanza kwa kukariri mistari, wa pili, wa tatu, kisha wawili waliohudhuria kuliko wenzao. Kwaya inaimba, tunaomba, tunatawanyika. Msomaji wa majina nilikuwa mimi. Watoto watano wanapita mbele, 29 wanawapigia makofi. Mwaka unaofuata wanapita karibu walewale watano, maana kumbukumbu nzuri haipotei ndani ya miezi kumi na miwili, na mtoto ambaye mzazi wake humleta kila Jumapili ataendelea kuletwa.

Hilo la mahudhurio liliniuma zaidi. Mtoto wa miaka saba haji kanisani kwa miguu yake peke yake. Tulikuwa tunampa yeye zawadi ya mzazi wake, na tunamnyima mwingine kwa sababu ya shida za nyumbani asizoweza kuzitatua.

Basi mwaka wa tano nikaamua kila mtoto apate cheti. Nia ilikuwa njema, kazi nikaifanya vibaya. Usiku wa kuamkia siku yenyewe nilikaa mezani nikaandika sifa mbele ya majina 34: mwenye nidhamu, mwenye bidii, mwenye upendo. Zilipoisha nikazirudia kuanzia mwanzo. Kesho yake binti mmoja wa miaka tisa alipokea chake, akasimama palepale mbele yangu akakisoma, kidole kikifuata maneno. Kiliandikwa "Mwenye kuwasaidia wenzake". Akainua uso akaniuliza, "Lini, mwalimu?"

Hakuwa ananibishia. Alitaka kujua kweli. Nilitafuta kichwani nisipate hata siku moja, nikamjibu, "Mara nyingi." Akasema asante, akarudi kukaa. Nilimwona akikikunja kile cheti mara mbili, kisha mara ya tatu, mpaka kikaenea kiganjani.

Swali lake halikuniacha wiki nzima. Siku moja nikisoma Warumi nikafika sura ya 16, ile ambayo wengi wetu huipita haraka kwa sababu ni orodha ya salamu. Safari hii nikaisoma polepole. Paulo anawataja watu zaidi ya 20, na wengi wao hawaachi na jina tupu. Fibi amewasaidia watu wengi, na Paulo mwenyewe akiwamo. Priska na Akila walikuwa tayari hata kukatwa shingo zao kwa ajili yake. Mariamu amejitaabisha sana kwa ajili ya kanisa. Mama yake Rufo amekuwa mama kwake pia. Hakuna wa kwanza wala wa pili pale. Jina linatajwa, na kando yake lile ambalo mtu huyo amelifanya. Nikajua binti yule alistahili kujibiwa namna hiyo.

Nikanunua daftari kubwa. Kila mtoto akapewa ukurasa wake, nikaugawa sehemu nne kwa kufuata Luka 2:52, pale Yesu akiwa kijana anapoendelea katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu. Sehemu ya hekima ni ya aliyojifunza. Kimo ni mwili: aliyejifunza kuogelea, aliyerudi uwanjani baada ya kuvunjika mkono. Mungu ni sala, Neno, maswali yake ya imani. Wanadamu ni namna anavyoishi na wenzake. Sisi walimu watatu tukawekeana sharti moja, kwamba tunaandika tarehe na kitu tulichokiona kwa macho. Sifa hazikuruhusiwa. Ukiandika "ni mpole", mwenzako anakuuliza lini, nawe unafuta.

Dakika kumi baada ya kipindi zilitosha. Ila mwezi wa tatu nilipofunua daftari lote nilipata mshtuko. Kurasa za watoto wachangamfu zilijaa mpaka pembeni, na kurasa kumi na moja zilikuwa nyeupe kabisa. Watoto hao hawakuwa wamekaa bure. Macho yangu ndiyo yalikuwa hayajawafikia. Tangu hapo, kabla ya kila Jumapili, kila mwalimu huchukua majina mawili au matatu ya kurasa tupu, na siku hiyo hukaa karibu na watoto hao. Kwangu mimi hii ndiyo kazi yote, hayo mengine ni sherehe tu.

Binti wa "lini" alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. Jumapili moja watoto walikuwa wakicheza mchezo wa kukwepa mpira, wamebaki wanne ndani ya duara, kelele nyingi. Mpira ukampita, ukaenda nje. Mwamuzi hakusema kitu, na hakuna aliyepiga kelele. Yeye akasimama, akaishika pindo ya gauni lake mahali mpira ulipogusa, akasema kwa sauti ya chini, "Umenigusa," akatoka mwenyewe. Timu yake ikashindwa. Wenzake wawili walimnunia mpaka tulipofunga kwa sala. Niliandika tarehe, na mistari mitatu.

Mzee mmoja wa kanisa alinishauri kwa upendo nisiwazoeze watoto sifa, akanikumbusha Mathayo 6, mkono wa kushoto usijue lifanywalo na wa kuume. Nilimshukuru, na onyo lake nimelichukua. Yesu pale anamwonya mtu anayetenda ili aonekane. Kwa hiyo hatuahidi chochote: hakuna nyota ukutani wala pointi, na mtoto hajui ukurasa wake una nini. Baadaye nilisoma jaribio la mwaka 1973 la wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett, wa Marekani. Watoto wadogo waliopenda kuchora waliahidiwa cheti wakichora, wakachora, wakapewa. Baadaye, walipoachwa huru, walichora kidogo kuliko wenzao ambao hawakupewa kitu, na hata kuliko waliopewa cheti hichohicho bila kutarajia. Mzee wangu alikuwa amegusa jambo la kweli.

Siku ya mwisho wa mwaka kila mtoto aliitwa kwa jina, na mwalimu aliyekuwepo akasimulia alichokiona, dakika moja. Tulianza na wadogo ili wasichoke. Wiki moja kabla tulikuwa tumemuuliza kila mtoto faraghani kama anaridhia habari yake itajwe hadharani. Wanne walikataa, nao tukawaandikia barua. Mambo ya nyumbani, machozi, ugomvi na mzazi, hayo hayatajwi hata kama mtoto ameyashinda kishujaa.

Nilipofika kwa binti yule nilisoma ile tarehe kwanza. Sikumtazama mpaka nimalize. Nilipomtazama alikuwa ameshika pindo ya gauni, palepale.

Ila baada ya ibada mama mmoja alinisubiri nje, mama wa kijana aliyezoea kuwa wa kwanza. "Mwalimu, mwanangu amekariri Warumi 8 yote, mistari 39. Usiku kabla ya kulala. Wewe umesimulia alivyombebea mwenzake begi." Nilitaka kujitetea, nikanyamaza, kwa sababu alikuwa na haki. Katika kukimbia mashindano nilikuwa nimeificha jasho ya mtoto wake. Jumapili iliyofuata nilimwomba kijana asimame aiseme sura ile. Akaisema yote kwa utulivu, na alipofika kwenye ule mstari wa kwamba hakuna kitakachoweza kututenga na upendo wa Mungu, watoto wadogo wa mstari wa mbele walikuwa wamenyamaza kabisa. Tangu hapo anayekariri sana husikilizwa, naye anayepata mstari mmoja baada ya miezi miwili ya kuhangaika husikilizwa vilevile.

Sasa tuko mwaka wa tatu wa daftari. Jioni hii nimelifungua, nimeona kurasa tatu bado ni nyeupe. Mmoja ni mvulana aliyehamia mwezi uliopita, hukaa karibu na mlango. Jumapili nitakaa mlangoni.