Shampuingi iliyobadilishwa formila, na nywele yangu ya blondi hapa Goma

Ba dada wenye nywele yenye ilichoka na dekolorasio (dawa ya kuondoa rangi ya nywele), nataka niwaeleze vile nimetumia ile shampuingi ya bei kali ya Ufaransa tangu walibadilisha formila (vitu vyenye wanachanganyaga ndani), ju wengi wanasema imeharibika na mi naona haiko vile kabisa.

Nywele yangu iko na defrizan (dawa ya kunyoosha nywele), na juu yake blondi. Defrizan ya soda iko na pH (kipimo cha asidi na kinyume chake) ya karibu 13, njo kusema kali sana, inakata viungo vya ndani vyenye vinapeaga nywele nguvu, halafu dekolorasio inaondoa ile mafuta nyembamba ya juu, njo maana nywele inakunywa maji sawa eponji, inavimba, ukivuta na kichanuo inakatika.

Mbele ya yote nilisoma etiketi. Ile sulfati ya nguvu (sabuni kali ya povu mingi) imetoka, wameweka isethionati, sabuni yenye inatokaga kwa mafuta ya nazi, ni ya pole. Silikoni ya D5 (yenye inafanyaga nywele iteleze) pia haiko, Ulaya walikataza ipite 0,1% ndani ya vitu vya kusuuza tangu mwaka 2020, na mwaka 2022 wakakataza manukato ya liliali. Sheria kama hizo zinalazimisha fabrika kubadilisha, haiko kila mara kutuibia!

Chupa ya zamani ilikuwa ingali na kidogo, basi upande wa kushoto nikafua na ya zamani, wa kuume na mpya, maji moja, maski (krimu nzito ya kulisha nywele) moja. Wa kuume ulikuwa sawa mukavu hata ungali na maji, kichanuo kinakwama, na dada wa saloni pale Katindo akasema «yaya, walikuuzisha feki, povu iko wapi?». Lakini kisha kukauka, kushoto kulikuwa kuzito, kumelala, na kuume kwepesi, na blondi haikufifia haraka.

Sasa kitu kikubwa ni maji. Maji ya ziwa Kivu iko na magneziamu na bikarbonati mingi, pH yake inafika 9, na nywele yenye imeharibika ikikutana na maji kama hiyo magamba yake madogo ya juu yanafunguka, unafua vizuri na bado inabaki ngumu. Mi nachanganya shampuingi na maji ya mvua ndani ya kopo, naweka kwa ngozi ya kichwa tu, miisho inapata povu yenye inateremuka, halafu maski inakaa muda murefu na nasuuza tena na mvua (ile ya kwanza kutoka kwa mabati usiichukue, inabebaga majivu ya volkano Nyiragongo).

Miisho yenye ilipasuka haikurudi, na haitarudi, hakuna shampuingi inafufua nywele, nilikata. Mwenye iko na maji ya ziwa tu, bila sitene (tanki ya maji ya mvua), pesa yake aweke kwa maski nzuri. Mwenye iko na sitene, achukue chupa ndogo ya ile shampuingi kwanza.