Mililita 1.5, si kijiko cha chai

Mama mwenye VVU hutoka wodini na kichupa cha nevirapini ya maji, dawa ya kumkinga mtoto asiambukizwe. Kosa linalotutisha zaidi liko kwenye kipimo. Kila mililita 1 ina miligramu 10. Mtoto aliyezaliwa na kilo 2.5 au zaidi hupewa miligramu 15 kwa siku, yaani mililita 1.5, wa kilo 2 hadi chini ya 2.5 hupewa mililita 1. Bibi anayebaki na mjukuu akiona "15" kwenye karatasi, anachukua kijiko. Kijiko cha chai ni mililita 5, zaidi ya dozi tatu kwa mkupuo!

Omba bomba dogo lisilo na sindano, muuguzi alichore mstari wa wino usiofutika. Tikisa kichupa taratibu, vuta dawa mpaka mstarini, toa hewa. Ncha ielekee ndani ya shavu, usukume kidogo kidogo. Ukilenga koo atapaliwa. Akitapika kabla ya nusu saa, rudia dozi. Mara moja kwa siku, hadi wiki 6. Mama aliyechelewa kuanza ARV, au mwenye virusi vingi, mtoto wake huhitaji dawa zaidi: fuata kadi yake, si ya jirani. Kichupa kikae kivulini, si dirishani kwenye nyumba ya bati ya Dodoma mwezi wa Oktoba.

Joto hilohilo ndilo huleta kikombe cha maji: "mtoto ana kiu." Maziwa ya mama sehemu kubwa ni maji, yanamtosha. Maji na uji mwepesi wa uwele huchubua utumbo mchanga, virusi vikapata pa kupenyea. Miezi 6 ni ziwa tu. Chuchu ikipasuka na kutoa damu, anyonye upande mwingine, na mama awahi zahanati.

Ila kinga kubwa ni ARV za mama mwenyewe, kila siku. Bila huduma yoyote, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa. Kwa huduma kamili, chini ya 5.

Wiki ya 6 mtoto atolewe damu kisiginoni, ikaushwe kwenye karatasi maalumu, kitafutwe kirusi chenyewe. Kile kipimo cha haraka, kabla ya miezi 18, hunasa kingamwili (askari wa mwili dhidi ya virusi) alizorithi kwa mama na kinaweza kumtia hofu bure mama ambaye mtoto wake hana virusi. Hata majibu yakichelewa, septrini, dawa ya kumkinga na maambukizi mengine, ianze wiki hiyohiyo ya 6, na mama asiruke dozi.