Lile puto la kwenye mpira wa kupumulia

Kuna kaka mmoja dereva wa boda aliumia kichwa, akakaa kwenye mashine ya kupumulia zaidi ya wiki, tukamtoa aisiyu anacheka na mama yake akaleta soda kwa manesi wote. Wiki sita baadaye karudi anavuta hewa kama filimbi, yaani unamsikia toka mlangoni, na kumbe huko mtaani alishamaliza inhela mbili za pumu. Pumu wapi! Ni kovu, limebana njia ya hewa palepale lilipokaa puto la mpira wa kupumulia, ule unaoingizwa kooni na kuunganishwa na mashine.

Lile puto la kwenye ncha ya mpira kazi yake ni kuziba pembeni hewa isivuje, sasa ukilijaza sana linagandamiza ukuta wa koo, damu haifiki, panakufa, panakuwa kidonda, kikifika kwenye gegedu, zile pete zinazoshikilia koo lisifunge, ndo basi tena, kinapona kwa kovu na kovu linavuta kuja ndani. Linatakiwa presha ya sentimita 20 mpaka 30 za maji. Na mimi nakiri tu, miaka mingi nilikuwa nabinya kwa vidole kale kaputo ka nje kanakounganishwa na lile la ndani, nikiona kagumu kiasi nasema poa, kipimo cha presha ya puto kimefungiwa kabatini na mwenye funguo yuko likizo.

Nikaanza kusoma usiku. Kumbe haya maputo laini tunayotumia saivi yana deni kwa mbwa. Cooper na Grillo, madaktari wa upasuaji wa Massachusetts General Hospital kule Boston, 1969 walionyesha kwa mbwa kwamba puto gumu la zamani linakula koo vibaya, ila puto pana lenye presha ndogo linaacha madhara kidogo sana. Iliniuma kidogo, nafuga mbwa.

Siku hizi watafiti wa haya makovu wanatumia zaidi sungura, manake koo lake linakaribia la kichanga, nguruwe pale wanapotaka koo la saizi ya mtu mzima, na panya wadogo. Hao panya wanakwaruzwa ndani ya koo kwa kiburashi cha waya chenye bleomaisini, dawa ya kansa inayojulikana kwa kuleta makovu, na ndani ya wiki tatu hivi kovu unaliona.

Ila hapo ndo ninapokwama. Panya anakwaruzwa dakika chache akiwa na afya zake, wakati mgonjwa wangu presha ya damu iko chini, ana maambukizi, kila akigeuzwa mpira unasugua, siku kumi mfululizo. Kwa kujua kovu linajengwaje au kujaribu dawa ya kulizuia, sawa, panya anatosha. Kwa kujua nani kati ya wagonjwa wangu atarudi na filimbi, simwamini.

Yule kaka kapanuliwa koo mara mbili na kovu likarudi mara mbili, saivi anapumulia tundu la shingoni. Kipimo nimekihamishia mfukoni mwangu, mwenye funguo aninunie tu.