Niliomba ishara nikiwa nimeshaamua

Barua ya ajira ilinikuta Machame, Kilimanjaro, mama akiwa na miezi saba tangu apate kiharusi. Mimi ni nesi. Nilipangiwa Kasulu, mkoani Kigoma, na nilipewa siku 14 niwe nimeripoti. Ajira hiyo nilikuwa nimeisubiri miaka minne, nikiganga njaa kwenye zahanati ya mtu binafsi. Kaka zangu wote wako Dar es Salaam, na kila niliyempigia alisema, "Dada, wewe omba tu, Mungu atakuonyesha."

Kuomba niliomba. Ila ushauri niliopewa kuhusu namna ya kuomba ulinipotezea wiki nzima, na bado unaniuma. Mtumishi mmoja alitaka kwanza nitume sadaka ya mbegu ndipo apokee neno la Mungu kwa ajili yangu. Nikatuma kama elfu thelathini hivi. Jioni ileile akaniambia anaona safari, na habari za Kasulu nilikuwa nimemweleza mwenyewe asubuhi.

Mwenzangu wa kwaya akanifundisha kufumba macho na kufungua Biblia popote. Kidole kitakapoangukia, hapo ndipo Mungu anaposema. Nikafanya hivyo saa sita usiku, nimepiga magoti, tochi ya simu juu ya mto. Kidole kikaangukia Kumbukumbu la Torati sura ya 1, pale Waisraeli wanapoambiwa wamekaa vya kutosha katika mlima ule, wageuke washike safari. Jamani, mimi nakaa mlimani! Nikitoka nje alfajiri kilele cha Kibo nakiona. Nililia kwa furaha, nikapanga nguo kwenye begi usiku uleule.

Kesho yake nikataka uthibitisho, maana hata Gideoni aliomba ishara ya ngozi mara mbili. Kidole kikaangukia Yeremia 42: mkikaa katika nchi hii, nitawajenga. Nikafunga Biblia kwa hasira. Nikaifungua tena, nikapata orodha ya majina ya koo.

Namshukuru Mungu kwa mzee wa kanisa wa jumuiya yetu. Hakuniambia niende wala nibaki. Alisema, "Binti yangu, usisome mstari, soma habari yote." Nikaanza Yeremia 42 mwanzo, nikaingia ya 43. Watu waliosalia Yuda wanamwendea nabii awaombee, wanaapa kwamba jibu liwe jema liwe baya watatii. Neno linakuja baada ya siku kumi. Wanapoambiwa wabaki, wanamwita nabii mwongo, wanashika njia ya Misri. Safari walikuwa nayo moyoni tangu zamani. Nikainua macho, nikaliona begi langu juu ya kiti, limejaa.

Nikatoa nguo moja moja, nikazirudisha kabatini, ndipo nikaomba upya: "Bwana, ukisema nibaki nitabaki, ukisema niende nitakwenda. Nionyeshe jambo ambalo nakataa kuliangalia." Sikusikia sauti. Ila asubuhi, nikiwa namgeuza mama asipate vidonda, swali likanijia: yeye mbona hakuna aliyemuuliza? Tulimjadili kwenye simu, kwenye kikao cha ukoo, hata kwa mchungaji.

Nikamuuliza. Siku hizi mama maneno yanamtoka nusu nusu. Alishika pindo la kitenge changu kwa mkono wake mzima, akasema, "Mwanangu... usiku... naogopa." Nilikuwa nalala chumba cha pili, ukuta mmoja tu kati yetu, na sikujua.

Wanaosema kila mlango ukifunguka ni Mungu kaufungua, wanisikilize: wangu ulikuwa wazi kabisa, ila haukuwa wa mimi kuingia. Kaka mkubwa alikasirika. Nikamsomea Luka 14, habari ya kuketi na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara, tukahesabu pamoja kwenye simu; dawa za mama sasa anazilipia yeye. Siku ya 12 niliandika barua kwamba siripoti, na ile amani niliyoitafuta kwa kidole ikanikuta nimeshika kalamu. Jioni nikakokota godoro langu, nikalitandika sakafuni kando ya kitanda cha mama.