Siku moja maishani mwangu: injini ya 5A iliyokataa kushusha mizunguko

Saa 1:30 asubuhi

Nilimwomba Mwalimu aliache gari lake gerejini, hapa Kariobangi Light Industries, tangu jana jioni, ili asubuhi nilikute likiwa baridi kabisa. Ni Toyota Corolla 90 iliyotoka kiwandani na injini ya kabureta, kifaa cha kizamani cha kuchanganya petroli na hewa, na ambayo sasa imefungwa injini ya injekta, ambayo petroli yake hupulizwa kwa amri ya kompyuta, aina ya 5A-FE iliyotolewa kwenye Corolla 100 ya Japani. Injini hiyo ya sentimita za ujazo 1,498 ikiwa nzima hutulia kati ya mizunguko 700 na 800 kwa dakika mguu unapoondoka kwenye mafuta. Hii, kwa maelezo ya mwenyewe, huendelea kunguruma hata gari likiwa limesimama kwenye foleni, na petroli inayokunywa imemfanya arudie kupanda matatu.

Kabla ya kuwasha ninapima sensa ya joto la maji. Kwenye injini hii ziko mbili karibu karibu: ya waya mmoja huendesha mshale wa dashibodi, na ya nyaya mbili ndiyo inayosomwa na kompyuta. Mafundi wengi hubadilisha ile ya kwanza, kisha wakashangaa kwamba hakuna kilichobadilika. Katika nyuzi 20 hivi sensa ya kompyuta inapaswa kusoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 2,000 hadi 3,000, na maji yakifika nyuzi 80 ishuke hadi kati ya omu 200 na 400. Mita yangu inaonyesha 2,600, kwa hiyo sensa hiyo ninaiacha ilivyo.

Saa 2:15

Injini imewaka kwa zaidi ya nusu saa na bado iko kwenye 1,900. Ninaipima sensa ile tena na kupata omu 700 hivi, maana yake maji hayajakaribia nyuzi 80. Feni inazunguka bila kupumzika, na mpira wa juu wa rejeta ulianza kupata uvuguvugu mara tu baada ya kuwasha, jambo lisilowezekana ikiwa themostati, valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi yapate joto, ipo na imefunga. Ninamwambia kijana ninayemfundisha kazi aandike neno themostati kwenye daftari, lakini hatuifungui sasa, kwa sababu maji yenye joto pungufu hayatoshi peke yake kueleza 1,900.

Kabla hajashika spana ninamkumbusha kwamba injini haiwezi kuzunguka kwa kasi bila kupata hewa ya kuizungusha, na kwamba mafuta huifuata hewa. Kwa hiyo tuna maswali mawili tu ya kujibu: je, kompyuta ndiyo inayoomba hewa hiyo, au hewa inaingia bila kuulizwa? Anayeanza kwa kugeuza skrubu kabla ya kujibu maswali hayo huficha ugonjwa mmoja na kuongeza mwingine, na nina hakika kwamba gari hili limeshapitia mikono ya namna hiyo.

Saa 3:00

Ninavua mpira mpana wa hewa kwenye throto, mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya mafuta. Ndani yake, mbele ya valvu ya throto, kuna tundu linalopeleka hewa kwenye valvu ya umeme iliyo chini, ambayo kompyuta huifungua na kuifunga ili kurekebisha mzunguko wa chini. Nikiliziba kwa kidole, injini inashuka hadi 1,500. Sehemu ya hewa basi inapita kwa idhini ya kompyuta, ambayo inaamini injini bado ni baridi. Iliyobaki, ambayo ndiyo nyingi zaidi, inaingia kwa njia nyingine.

Inafaa kueleza kwa nini injini hii inapanda na kutulia huko juu badala ya kukohoa. 5A-FE haina kifaa cha kupima hewa inayopita. Kompyuta husoma shinikizo la ndani ya manifoldi, yaani mabomba yanayogawia silinda hewa, kupitia sensa iliyofungwa nje, na kutokana nalo hukadiria hewa iliyoingia. Hewa ya wizi ikiingia, shinikizo hupanda, kompyuta huidhania kuwa hewa halali, na petroli huongezwa kulingana nayo. Kwenye injini zenye kipimo cha mtiririko wa hewa, hewa hiyohiyo huingia baada ya kipimo bila kuhesabiwa, mchanganyiko hupungukiwa na mafuta, na injini hutetemeka au hupanda na kushuka. Ushauri unaotolewa kuhusu aina moja humpoteza anayeshughulikia nyingine.

Saa 3:30

Wengi hutafuta hewa ya wizi kwa kupuliza dawa ya kusafishia kabureta. Mimi siipendi njia hiyo penye ekzosti ya moto. Ninatumia koleo lililofungwa kitambaa na kuibana mipira mmoja mmoja huku kijana akisoma mita ya mizunguko. Mpira wa buusta ya breki hauleti badiliko lolote, na ule unaotoa moshi kwenye kava ya valvu unashusha kidogo tu, kama inavyotarajiwa. Kisha ninafikia mpira mwembamba uliopita chini ya manifoldi, ninaubana, na injini inashuka papo hapo hadi karibu 1,300.

Tunaufuata kwa tochi. Injini hii ilitoka kwenye gari lenye usukani wa pawa, na kwenye pampu ya usukani huo Toyota huweka valvu ndogo ya hewa: dereva akikata kona gari likiwa limesimama, valvu hufunguka na kupitisha hewa kidogo kando ya throto ili injini isizimike kwa mzigo wa pampu. Mpira wake mmoja hutoka kwenye mpira mkuu wa hewa na mwingine huenda kwenye manifoldi. Gari la Mwalimu halina usukani wa pawa. Aliyefunga injini aliondoa pampu, akabaki na mipira miwili isiyo na kazi, akaiunganisha kwa kipande cha bomba la shaba na klipu mbili. Kwa macho ni kazi safi. Ni safi mno, na ndiyo sababu hakuna aliyeishuku, ilhali ni barabara ya wazi inayoikwepa throto usiku na mchana.

Ninaiondoa yote na kuziba matundu mawili kwa vifuniko vya mpira vilivyobanwa na klipu.

Saa 5:00

Kijana amepanda bodaboda kwenda Kirinyaga Road, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, kununua themostati ya nyuzi 82 na gasketi yake. Mimi ninabaki na throto. Waya wa mafuta umekazwa hadi hauna hata ulegevu kidogo, kwa hiyo ninaulegeza. Skrubu inayosimamishia valvu ya throto, ambayo kiwandani hupakwa rangi isiguswe, imegeuzwa, na rangi imevunjika. Hapo ndipo panapoeleza kwa nini mizunguko haikuwa ikiyumba: throto isipofunga hadi mwisho, swichi ya ndani ya sensa yake haiijulishi kompyuta kwamba mguu umeondoka. Kompyuta isipojua hilo, haikati mafuta mizunguko inapokuwa juu, wala haijaribu kuushusha mzunguko. Ninairudisha skrubu hadi throto ifunge bila kunata, kisha ninaizungusha sensa hadi mita ithibitishe kwamba swichi inaunga throto ikifungwa na inakata ikifunguliwa kidogo sana.

Mteja mwingine anapita na kuniuliza kuhusu geji ya vakyumu aliyonunua, ya kupima mvuto wa hewa ndani ya manifoldi, ambayo imemtia hofu. Ninamweleza kwamba vitabu vingi vya ufundi huandika namba za usawa wa bahari, na Nairobi iko karibu mita 1,800 juu yake. Inchi 18 hadi 20 za zebaki ambazo geji husoma Mombasa hupungua hapa kwa inchi tano au sita bila injini kuwa na kasoro yoyote.

Saa 8:00 mchana

Chapati na ndengu kibandani, haraka.

Saa 8:30

Nyumba ya themostati ni tupu, kama nilivyotarajia. Desturi ya kuing'oa ilitokana na hofu ya injini kuchemka, na kwenye kabureta madhara yake yalivumilika. Kwenye injekta, maji yasiyopata joto huifanya kompyuta iendelee kuongeza petroli na hewa siku nzima. Ninafunga mpya, kitundu cha kutolea hewa kikiwa juu, na kuondoa mapovu kwenye rejeta.

Feni nayo ilikuwa imeungwa moja kwa moja na swichi ya gari. Naielewa sababu, kwani swichi ya joto ya Toyota ya aina hii hufanya kinyume na wanavyotarajia wengi: huunga wakati maji ni baridi na hukata yakipata joto, ndipo rilei, swichi inayoendeshwa kwa umeme, iwashe feni. Ninarudisha nyaya zilivyopaswa kuwa.

Saa 10:00 jioni

Tunawasha. Inaanzia 1,400, na kadiri maji yanavyopata joto inashuka polepole hadi 780. Dashibodi ya kabureta haina taa ya injini, kwa hiyo ninaunga balbu ndogo kati ya betri na pini W ya kisanduku cha uchunguzi, kisha ninaunganisha pini zake TE1 na E1 ili kompyuta iingie katika hali ya kupimwa. Mizunguko inapanda kwa sekunde chache na kurudi chini, ishara kwamba valvu ya umeme inatii. Taiming, yaani wakati wa cheche kuwasha petroli, iko nyuzi 10 kamili.

Saa 10:45

Mwalimu amefika, na tunakwenda pamoja Outer Ring Road hadi Donholm. Likisimama, gari limetulia. Lakini kila ninapokanyaga klachi gari likiwa bado linaserereka kuelekea mzunguko wa barabara, injini inabaki karibu 1,300 kwa muda kabla ya kushuka. Tukirudi gerejini, ile balbu inapepesa namba ya hitilafu 42, ya ishara ya mwendo wa gari: kompyuta haijui kama gari linakwenda au limesimama. Spidometa ya Corolla hii ni ya kebo, na dashibodi yake ya kabureta haina swichi ndogo inayoigeuza kebo hiyo kuwa ishara ya umeme.

"Linaweza kutembea hivyo, fundi?" ananiuliza.

"Linaweza, Mwalimu, bila kudhuru injini. Ila nitafute dashibodi ya Corolla 90 ya injekta."

Tumekubaliana alichukue leo na kulirudisha Jumamosi, iwapo dashibodi hiyo itapatikana Grogan kwa bei ya kueleweka.