Baiti sifuri

Jamani, leo asubuhi nimefungua kompyuta kuchukua matokeo ya kazi niliyoiacha ikikimbia usiku kucha.

Faili lipo. Jina lake sawasawa. Ukubwa: baiti 0, yaani tupu kabisa.

Chuo ninachosoma huku Marekani bado kinatumia AFS, mfumo wa mafaili uliozaliwa Carnegie Mellon, Pittsburgh, miaka ya 1980, kwa ushirikiano na IBM. Ni mkubwa kwangu kiumri, shikamoo yake! Ukikaa kwenye kompyuta yoyote ya chuo, mafaili yako unayakuta pale pale chini ya /afs. Kompyuta inabaki na nakala, na seva, yaani kompyuta kuu inayotunza mafaili, inaahidi kuitonya endapo mtu mwingine atabadilisha kitu.

Raha tupu. Ila kuna tokeni, kibali cha kidijitali kinachoithibitishia seva kwamba ni wewe, na tokeni ina muda wake.

Yangu ilikwisha nikiwa nakoroma. Programu ikapiga hesabu zote, ikafika kuandika matokeo, ikanyimwa ruhusa.

Kwenye faili langu mwenyewe!

Nimeikodolea macho ile sifuri mpaka chai imepoa.

Mliowahi kutumia AFS, tokeni mnaihuishaje usiku? Na msinicheke.