Kiti Kimoja, Wenyewe Watatu: Siku Yangu Ndani ya Treni ya Kaunti

Saa kumi alfajiri naamka. Saa kumi na mbili niko kituoni Syokimau, sare imepigwa pasi, skafu shingoni. Nje abiria wamepanga mabegi mstari mmoja ili mbwa wa polisi wayanuse.

Saa mbili kamili tunaondoka. Wengi wanaijua treni ya haraka ya Mombasa. Mimi nahudumu kwenye hii ya kaunti, inayotoka Nairobi hadi Mombasa ikisimama njiani: Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani.

Watu hudhani kazi yetu ni kusimama mlangoni na kutabasamu. Tunatabasamu, sikatai. Lakini kazi yenyewe ni hesabu ya viti. Behewa la kawaida lina viti 118, vitatu upande huu, viwili upande ule. Kiti kimoja kinaweza kuwa na wenyewe watatu siku hiyohiyo: wa Nairobi hadi Emali, wa Emali hadi Voi, na wa Voi hadi Mombasa. Wote wana tiketi halali. Bila hivyo, viti vingeenda vitupu hadi pwani huku mtu wa Kibwezi akiambiwa treni imejaa.

Tiketi inayajua hayo. Binadamu ndiye hayajui.

Saa ya kwanza ni mizigo, watoto, choo kiko wapi, chai pesa ngapi. Emali wakashuka wengi. Mzee mmoja wa Mombasa, mwenye kiti cha katikati, akaona cha dirishani mbele yake kimeachwa. Akahamia, akavua viatu, akafungua njugu zake.

"Mzee, hicho kina mtu wa Kibwezi."

"Kwani tumefika Kibwezi?"

Hatukuwa tumefika. Tukafika.

Akapanda mama mmoja na vyondo viwili, mjukuu mgongoni, tiketi mkononi. Anashukia Voi. Mzee hakuinuka.

"Huyu ni wa hapo Voi tu! Mimi nimelipa elfu moja mia tano, naenda mwisho."

"Baba, na mimi nimelipa," mama akasema, taratibu.

Mzee akataka mkubwa wangu. Mkubwa akaja. Akataka kuiona orodha. Akaletewa, miwani haipo, iko kwenye begi, begi liko juu, chini ya mabegi ya watu wanne. Tukayashusha. Mtoto akaanza kulia. Behewa zima likageuka mahakama, kila mtu hakimu. Kijana mmoja anayeshukia Mtito akasimama ampishe mama, mama akakataa: "Nikikaa chako, si Mtito atakuja mwenyewe nisimame tena?" Nilitamani kumvisha skafu yangu. Miaka yote naeleza jambo hilo kwa maneno mengi zaidi.

Mzee alirudi kiti chake njugu zilipokwisha, si dakika moja kabla. Mtito Andei ilikuwa karibu, na mimi miguu ilishaanza kuwaka.

Sijui ilikuwa saa ngapi tulipowaona ndovu wa Tsavo, wekundu kwa vumbi. Mzee akainuka na simu, akajikunja juu ya magoti ya mama apate picha. "Pita tu baba, utazame," mama akamwambia, akamshikia kofia.

Voi mama akashuka. Mzee akanitazama. Nikaitazama orodha.

"Kina mtu, mzee. Hadi Mariakani."

Hakusema neno. Nami nilikuwa na mengine: wa Voi wanaingia, wa Mombasa wametandaza mizigo kana kwamba wamehamia, choo kimoja mtu kajifungia, na kila anayepanda ananiuliza mbona dirisha lake lina mtu.

Mariakani kile kiti kikabaki kitupu. Kimebaki kipande kifupi tu hadi Mombasa, lakini ni chake sasa, kwa haki. Nikapita katikati ya mabegi na miguu ya watu nikamwambie.

Alikuwa amelala, mdomo wazi, kofia usoni, katikati ya wanafunzi wawili. Nikakaa mimi hapo dirishani, dakika mbili.